Ukiliona Turubai, Umeshaambiwa

Mwenye hema alidhani ninaogopa choo. Alikuwa mama wa Kisotho mwenye kofia ya sufu na haraka nyingi, na alikwisha kunionyesha kila kitu: jiko la kuni, ndoo za maji, kijia cha kwendea chooni, na milima yenyewe niliyoifuata, ile yenye matabaka ya njano, ya rangi ya kutu na ya zambarau, ambayo watu hutoka mbali kuja kuipiga picha. Mimi bado nilikuwa nimesimama nje, begi mkononi. Hema lilikuwa la duara, la sufu nene iliyoshindiliwa, lile wenyewe wanaloliita yurti. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kupitia mlango uliokuwa wazi ikatoka harufu ya sufu mbichi, turubai lililolowa na moshi wa zamani.

"Choo ni kisafi, dada," akasema. "Wageni wote wanakisifu."

"Siyo choo, mama. Naomba dakika tano tu."

Dakika tano zangu zilikaribia saa nzima. Mtu mzima, mwenye ofisi yake Braamfontein, anaogopa kuingia kwenye hema alilolikodi mwenyewe kwa siku tatu, tena baada ya kuendesha gari peke yake tangu alfajiri. Yule mama alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake kulisha kuku. Simlaumu. Angejuaje kwamba harufu ile niliijua, na kwamba mara ya mwisho kuinusa nilikuwa na miaka minane na nilikuwa naamini mama yangu amekufa?

Wenzangu mliokulia kwa watu wa pwani mnaijua sheria yetu, lakini acha niieleze kwa ajili ya wengine. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri, apite mara moja. Anakuja mbiombio, na akikata kona ya mwisho analikuta turubai limeshafungwa nje ya nyumba, wanaume wamekaa chini yake kimya. Hapo hakuna haja ya maneno.

Nililishuhudia jambo hilo kabla sijaota meno ya mbele. Tulikuwa tukiishi Joubert Park, ghorofa ya tisa, mama na mimi tu. Kwenye ghorofa ya nne aliishi kaka Hamadi wa Tanga, muuza mikanda, mtu wa utani mwingi. Siku moja alipigiwa simu kwamba mdogo wake aliyekaa Troyeville anaumwa kidogo. Sisi tulikuwa tumeshatangulia. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye uzio wa jirani, na mimi nilikuwa nimemshika mama kanga yake pale getini. Kaka Hamadi akatokea kwenye kona huku anatafuna njugu. Akaliona turubai. Njugu zikamwagika moja moja kutoka mkononi, naye akakaa chini palepale barabarani kama mtoto.

"Nani amemwambia?" nikamuuliza mama.

"Ukiliona turubai, umeshaambiwa."

"Na asipoliona?"

Mama alikuwa na mawazo yake siku ile. Akanijibu ili ninyamaze tu: "Asipoliona, basi bado hajafiwa."

Mtoto ukimpa neno, hulihifadhi. Hilo nililihifadhi vizuri sana.

Mwaka uliofuata mama akaanza kushika tumbo. Alikuwa akiuza kanga na vitenge karibu na stesheni, na mara nyingine alikaa juu ya mzigo wake akafumba macho mpaka mteja amguse bega. Wakamwambia kuna uvimbe, utolewe. Hatukuwa na ndugu mjini. Alikuwapo Mama Furaha tu, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akichukua vitenge kwa mama, na mumewe alikuwa mlinzi kwenye yadi moja upande wa kusini. Mama akanipakia kwenye teksi ya dereva anayemfahamu, kiti cha mbele, kikapu magotini. "Siku tatu nne tu," akasema. "Uwe na adabu. Usimchoshe mama wa watu." Teksi ikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nikageuka kumwangalia. Alikuwa bado amesimama, mkono tumboni. Ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza peke yangu, na niliifurahia kweli, sitaki kudanganya.

Furaha hiyo iliisha teksi ilipokata kona ya mwisho.

Ile yadi ilikuwa ya watu wanaokodisha mahema. Hilo sikulijua. Nilichokiona ni uwanja mkubwa uliojaa maturubai yaliyosimamishwa: meupe, ya bluu, ya mistari, makubwa kwa madogo, na chini yake viti vya plastiki vimepangwa safu safu bila mtu hata mmoja. Upepo ukiingia, kuta za mahema zilijaa kisha zikanywea, zote kwa pamoja, zikajaa tena. Nyuma yake ilisimama milima ya njano. Siyo njano ya maua. Njano ya jicho la mgonjwa, yenye michirizi ya rangi ya kutu na sehemu nyingine nyeupe pe, haina jani hata moja. Chini yake kulikuwa na maji ya rangi ya chungwa ambayo hata ndege hawakuyasogelea.

Katikati ya uwanja, peke yake, lilikuwapo hema la duara. Wazungu fulani walikuwa wamelitengeneza kwa sherehe zao, likaungua upande mmoja, wakalitelekeza, na mwenye yadi akampa Papa Furaha akae humo na familia yake. Haya nimeyajua ukubwani. Siku ile nilimwona Mama Furaha akitoka ndani, mnene, mpole, mikono imenyooshwa.

"Karibu, mutoto ya Mama Tanga. Ingia, usiogope. Hapa iko joto kuliko kule ghorofani kwenu."

Nikatazama lile hema. Nikamtazama yeye. Sikumwaga njugu kwa kuwa sikuwa nazo. Nilijua tayari nimeambiwa.

Msinicheke. Ukweli wote ulikuwa upande wangu. Nilikuwa nimeitwa kwa kisingizio, kama kaka Hamadi. Turubai nililiona. Ndani hakukuwa na kitanda; sote tulilala chini kwenye mikeka, kama wanavyolala watu wa msibani. Nilipovunja sahani sikuchapwa wala sikugombezwa. Mama Furaha aliokota vipande akisema haidhuru. Simu ikiita, alitoka nayo nje, akasimama mbali kati ya mahema matupu, ametupa mgongo sisi, kisha akarudi na tabasamu. "Mama yako anaendelea bien. Bado kidogo tu. Haya, ukule kidogo." Mfiwa ndiye anayebembelezwa ale. Mtoto wa kawaida huambiwa ale au aache.

Na siku tatu nne zikapita, ikapita wiki.

Mngeniuliza kwa nini sikuuliza. Niliamua kutouliza. Niliona kwamba turubai limeniambia, sawa, lakini mtu bado hajaniambia kwa mdomo, na pengine hapo katikati pana nafasi ndogo ambayo mama anaweza kukaa. Nikiuliza, watanijibu, na nafasi ile itafungwa. Kwa hiyo nilikaa kimya wiki mbili na siku kadhaa. Nilisema naam, nilisema ahsante, nilisema nimeshiba. Mama Furaha alinisifu kwa majirani kuwa nina adabu ya ajabu.

Furaha alikuwa na miaka kumi na mmoja na aliona mimi ni mshamba. Kiswahili alikisikia lakini alikiongea kwa kulazimishwa, kikachanganyika na Kizulu cha shuleni. Ndiye aliyenifundisha kazi za yadi bila kujua ananifundisha nini. Watu wa mji huu huzika Jumamosi. Ijumaa malori yalitoka yamejaa, Jumatatu yakarudi, na wanaume wenye mabuti wakayatandaza mahema chini, wakayaosha kwa mipira ya maji na brashi, taratibu, wakiyageuza upande huu na huu. Nilishawahi kusikia wanawake wakieleza jinsi maiti anavyogeuzwa. Nilikaa mbali.

Chini ya viti vilivyorudi, Furaha alikuwa akiokota karatasi za mazishi, zile zenye picha ya marehemu kwa juu, anatabasamu, amevaa vizuri. Alizipenda kwa sababu nyuma zilikuwa nyeupe na aliweza kuchora. Mimi nikaanza kumsaidia. Kila Jumatatu nilizipitia moja moja, wazee, vijana, mtoto mmoja mwenye sare ya shule, nikimtafuta mama. Hakuwamo. Nikajipa jibu mwenyewe: hawezi kuwamo, turubai lake bado halijang'olewa, tunalala ndani yake.

"Wena, wewe, kila saa unaangalia ile milima," Furaha akaniambia siku moja. "Hata siyo milima. Ni udongo. Walitoa chini."

"Chini wapi?"

"Hapa, chini. Walichimba mashimo. Papa anasema watu wengine bado wako ndani, hawakutoka."

Ukubwani ninajua alikuwa anazungumzia migodi ya dhahabu, na tena hakukosea. Lakini mimi nilijua shimo la namna moja tu linaloingia watu wasitoke, na nilijua kwamba likichimbwa, udongo hubaki tuta pembeni. Nikainua macho nikaitazama ile milima ya njano kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nikaelewa ukubwa wa idadi yao. 

Mwishoni mwa wiki ya pili wakaja wanawake wa kanisa la Mama Furaha. Walikaa kwenye mikeka kuzunguka hema, wakaimba kwa sauti za chini, mmoja baada ya mwingine wakaniwekea mkono kichwani. Walikuwa wanamwombea mama, kidonda chake kilikuwa kimekataa kufunga, ila hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto. Walipofika kwenye kulia, nilinyanyuka nikatoka. Nilitembea kati ya mahema, nikapita kwenye uwazi wa uzio, nikaanza kupanda mlima. Nilitaka kutafuta udongo mpya. Nilifikiri wa mama utakuwa bado na unyevu.

Ulikuwa msimu wa upepo. Nilipofika juu kidogo, vumbi lilinyanyuka likafunika yadi, barabara, mji wote. Kukawa na njano tu, juu na chini, na sauti ya mchanga unaokwaruza mchanga. Nilijifunika macho kwa mikono. Nilipoyafungua, walikuwa wamesimama mbele yangu, watu kama kumi, wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi chini, wameshikana katika duara, wanayumba bila kusema neno.

Ninyi mnajua ni akina nani. Ni watu wa yale makanisa yanayosali vilimani, huwaona kila wikendi. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyekwisha kumzika mama yake moyoni, akiona nyeupe namna ile, anaona sanda.

Mmoja alitoka kwenye duara akanijia. Bibi yangu wa Tanga alinifundisha nikiwa mdogo mno kwamba ukikutana na mtu usiyemwelewa, usimtazame uso, mtazame miguu, maana asiye mtu hawezi kuificha. Nikatazama. Nguo ilishuka mpaka chini, na pale ilipoishia kulikuwa na vumbi tu linakimbia. Sikuona miguu.

"Mntanami," akasema. Hilo neno nililijua, wenzangu shuleni waliitwa hivyo na mama zao. Mwanangu.

Nikavunja ukimya wangu wa wiki mbili. Nikamuuliza kwa Kiswahili: "Umemwona mama yangu?"

Hakunielewa. Alinitazama kwa huruma nyingi, kisha akanyoosha mkono kuelekea chini, nirudi nyumbani. Vumbi lilikuwa limepasuka kidogo upande ule. Kidole chake kilielekea sawasawa kwenye hema la duara.

Niliteremka kwa kukimbia na kuanguka. Niliingia hemani nina njano mpaka kwenye kope, nikajikunyata penye ukuta ulioungua, na tangu saa ile sikutoka. Nilinusa ile sufu. Nilikuwa na hakika mama yumo humo humo, upande mwingine wa ukuta, na kwamba kilichobaki ni kusogeleana tu.

Siku tatu baadaye, mchana, nikasikia geti, sauti za salamu, na hatua za mtu anayetembea polepole sana. Mlango ukaingia giza. Alikuwa amesimama pale, amekonda, uso umepauka, buibui linaburuza chini, na vumbi la njano limemwandama mpaka magotini.

"Mwanangu," akasema.

"Usiingie."

"Ni mimi mama yako."

"Vua viatu."

Mama Furaha alikuja juu. "We mutoto! Mama yako anatoka hospitali, anasimama kwa shida, unamuambia nini?" Ndiyo mara ya kwanza aliponifokea, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na uamuzi wangu.

Lakini mama alikuwa mtu wa Tanga. Hakucheka, hakukasirika. Alinitazama, akalitazama hema, akageuka akayatazama maturubai yote yaliyosimama nyuma yake na viti vitupu chini yake. Niliona jinsi alivyoelewa. Akamwomba Mama Furaha kiti. Akakaa, maana kuinama hakuweza, akainua buibui kidogo. "Nivue, dada," akasema. "Anajua anachotafuta."

Mama Furaha akapiga magoti akamvua viatu. Nikasogea kwa kutambaa. Ilikuwa miguu, yote miwili, imevimba. Kwenye dole gumba la kushoto kulikuwa na kucha iliyopasuka katikati, iliyowahi kuangukiwa na jiko la chuma. Niliigusa. Ilikuwa ya moto.

"Kumbe ulishanizika," mama akasema.

"Nililiona hema."

Nikalia mpaka nikatapika. Naye akalia, ameshika tumbo lake lenye nyuzi, anasema pole, pole mama, pole.

Baadaye kikawa kisa cha kuchekesha watu harusini. Mama alikisimulia vizuri kuliko mimi, na aliigiza sauti yangu: "Vua viatu!" Lakini kila alipochelewa kurudi sokoni, hata nilipokuwa msichana mkubwa, macho yangu yalimpokea kwa kuanzia chini. Alijua. Alikuwa akisimama mlangoni, ananyoosha mguu wa kushoto, anasema, "Haya, kagua." Tulicheka, ila niliukagua kweli.

Mwaka huu Furaha alinipigia simu kazini. Ana saluni siku hizi, na Kiswahili hakitumii kabisa, ni Kiingereza na Kizulu tu. Akasema mama hajisikii vizuri, nipite mara moja. Niliendesha mpaka Joubert Park. Nilipokata kona ya mwisho nikatazama. Palikuwa na spaza, kile kiduka cha mtaani, palikuwa na wauza nyanya, robot imezimika, watoto wanapiga mpira kwenye ukuta. Hapakuwa na turubai. Nani atafunga turubai kwenye jengo lenye ghorofa kumi na mbili na lami mlangoni? Nililijua hilo. Hata hivyo nilisema kwa sauti, ndani ya gari: basi bado sijafiwa. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ghorofa tisa kwa miguu, na niwaambie ukweli, nilipanda kwa furaha. Kwenye ghorofa ya tisa nikakuta viatu vimejaa nje ya mlango wetu, jozi kwa jozi, mpaka kwa jirani.

Waoshaji waliniuliza kama nitaweza. Nikaomba wanipe miguu. Nilimwagia maji, nikapitisha mkono, nikafika kwenye lile dole gumba. Kucha ilikuwa imepasuka vilevile katikati. Safari hii niliomba kwa moyo wangu wote iwe ya mtu mwingine.

Arobaini ilipopita nikatafuta kwenye simu mahali pa kwenda peke yangu, na kati ya nyumba zote nzuri kidole changu kikachagua hema la duara chini ya milima ya rangi, siku tatu. Siku tatu ndizo za matanga. Nadhani kidole kilijua kabla yangu.

Mwishowe nilivua viatu nikaingia. Kitanda kilikuwapo, kizuri, kina mito minne. Nilitandika kanga ya mama chini, nikakaa nimeegemea ukuta. Simu ikaita. Alikuwa Furaha.

"Uko wapi?" akauliza kwa Kiingereza. "Nimekutafuta tangu asubuhi."

"Niko msibani."

"Eish. Msiba wa nani tena?"

"Wa mama."

 Nilimsikia akizima mashine ya kukaushia nywele. Alipofungua mdomo tena, ilikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu, cha mama yake.

"Basi ukule kidogo," akasema. "Ninakuya."